Fuata Maji: Maswali Yenu Kuhusu Sifongo wa Baharini

Majuzi niliandika kwa kupitia tu kwamba sifongo ni mnyama, kisha nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimekuja za kila namna, kuanzia za kudadisi hadi za kunikaripia, na leo nawajibu wengi wenu kadiri nafasi inavyoruhusu. Nitatumia neno sifongo; wanaosema sponji au spongi wanamzungumzia kiumbe yule yule. Na kabla hatujaanza, shikeni jambo moja: kila mahali ambapo mwili wa huyu mnyama unakutatiza, uliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mara tisa kati ya kumi jibu limo humo.

SWALI: Hana mdomo, hana tumbo, hana macho, hana miguu, na hukaa alipo siku zote. Mnyama gani huyo? (Msomaji asiyeshawishika)

JIBU: Usione haya, swali hili limewahangaisha watu makini kwa zaidi ya miaka 2,000. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza habari za wazamiaji waliodai kuwa sifongo huhisi: ukimwendea umng'oe, hujikunyata na kung'ang'ania mwamba. Hata hivyo, kwa karne nyingi baada yake wengi walimhesabu kuwa aina ya mmea. Mwaka 1765 John Ellis, Mwingereza mwenye mapenzi na viumbe vya baharini, aliripoti kuwa ameona maji yakiingia na kutoka mwilini mwake. Katika miaka ya 1820 Robert Edmond Grant, daktari wa Edinburgh, aliweka sifongo hai chini ya hadubini akaona maji yakibubujika kutoka kwenye tundu la juu, yamebeba chembechembe za uchafu, bila kukoma. Pembeni yake siku hizo alikuwapo kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, aliyekuwa akifuatana naye ufukweni kuokota viumbe: Charles Darwin. Jina la kisayansi la kundi hili, Porifera, lilitoka kwa Grant, na maana yake ni "wabeba vitundu".

Sasa, kwa nini mnyama? Sifongo hajipikii chakula kwa mwanga wa jua kama mmea. Hula vilivyoandaliwa na wengine. Seli zake hazina kuta ngumu za selulosi. Zimeshikamanishwa na kolajeni, protini ile ile inayoshika ngozi na kano zako wewe. Naye huanza maisha kwa yai lililorutubishwa, kisha akawa kiluwiluwi anayeogelea. Wapo sifongo wanaofuga ndani yao bakteria wanaotumia mwanga, lakini hao ni wapangaji. Mwenye nyumba bado ni mnyama.

Na hilo la kukaa alipo siku zote lina walakini. Baadhi ya sifongo wakubwa wameonekana wakitambaa, milimita chache kwa siku. Kobe angemwona mzembe, lakini anakwenda.

SWALI: Nikimpasua katikati nitaona nini? Naomba maelezo ya kawaida, si ya kitabu. (Mama wa watoto wawili wanaouliza sana)

JIBU: Hutaona moyo, wala ini, wala utumbo, kwa sababu hana kiungo hata kimoja. Utaona mashimo juu ya mashimo. Basi tufanye safari: wewe na wanao jifanyeni tone la maji.

Mko nje, mbele ya ukuta uliojaa vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano. Ukuta huo umefunikwa na seli bapa zilizopangwa kama vigae, nazo ndizo ngozi yake. Mnavutwa ndani kupitia kitundu kimoja. Mnapita kwenye mfereji mwembamba, unagawanyika, unagawanyika tena, hadi mnajikuta ndani ya chumba cha mviringo ambacho hakionekani kwa macho. Kuta za chumba hiki zimepangwa seli za ajabu: kila moja ina mjeledi mmoja mrefu unaochapa bila kupumzika, na kuuzunguka mjeledi huo kuna ukosi, kama ukosi wa shati, uliotengenezwa kwa vijidole vyembamba sana vilivyosimama kwa duara. Mjeledi unavuta maji, vijidole vya ukosi vinayachuja. Hapo ndipo bakteria wote mliosafiri nao wanapokamatwa. Ninyi maji mnasukumwa mbele, mnaingia mfereji mpana zaidi, unaoungana na mwingine mpana kuliko huo, na mwishowe mnatupwa nje kwa kasi kupitia tundu kubwa lililo juu.

Kati ya ngozi ya nje na vyumba vya ndani kuna tabaka la ute mzito, liitwalo mesohili. Msilidharau. Humo zinatembea seli zinazobadilika umbo kama amiba: zinagawa chakula, zinabeba taka, zinajenga mifupa, na baadhi yake zinaweza kugeuka kuwa seli ya aina nyingine kabisa pale inapohitajika. Kwa kifupi, ni mafundi wa zamu wa nyumba nzima.

Nikipewa nafasi ya kusifu kitu kimoja tu kwa sifongo, nitasifu hesabu ya mabomba yake. Mfano unaotajwa sana ni wa sifongo mdogo wa jenasi ya Leuconia, urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 1, unene wa kidole tu. Maji huingia mwilini mwake kupitia mifereji ipatayo 80,000, kwa mwendo wa milimita 1 kwa sekunde. Vyumba vyake vya kuchujia ni zaidi ya milioni 2. Ukijumlisha upana wa vyumba vyote hivyo unapata nafasi kubwa mno kuliko ya mifereji, kwa hiyo maji yakifika humo hupoa kama mto unapomwagikia ziwani: hutambaa kwa milimita 0.01 kwa sekunde. Utulivu huo ndio unaozipa seli muda wa kunasa chakula. Kisha maji yote yanalazimishwa kupitia tundu moja la kutokea, na hapo yanaruka kwa sentimita 8.5 kwa sekunde. Kwa nini kasi yote hiyo? Ili maji yaliyokwisha kuchujwa yaende mbali, mnyama asijikute anakunywa tena maji yake machafu. Kwa siku nzima kidole hicho husukuma lita 22.5. Pigeni hesabu na watoto: ni karibu mara 3,000 ya ujazo wa mwili wake.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mtihani unakuja. Je, ni lazima nikariri askoni, sikoni na leukoni? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Marahaba. Kariri, lakini ukielewa hutahitaji kukariri. Yote matatu ni jambo moja lililokunjwa zaidi na zaidi. Askoni ni mfuko mtupu: maji huingia ubavuni moja kwa moja hadi uwazi wa katikati, uliozungukwa na seli za ukosi, kisha hutoka juu. Mfuko huo hauwezi kukua sana, kwa sababu uwazi wa ndani huongezeka haraka kuliko ukuta wa kuusukumia maji. Ukikunja ukuta ukapata vijiti vilivyo wazi ndani, umepata sikoni. Ukizikunja kunjo zenyewe mpaka zikawa vyumba vidogo vidogo vilivyotawanyika mwilini, umepata leukoni, na hapo mnyama anaweza kuwa mkubwa kuliko mtu. Sifongo walio wengi ni leukoni.

Mtego wa mtihani ni huu: hayo ni maumbo ya mwili, hayakutokana na ukoo. Ngeli za kisayansi ni nne: Demospongiae, ambayo ina zaidi ya robo tatu ya spishi zote, Hexactinellida, yaani sifongo wa kioo, Calcarea, wenye miiba ya chokaa, na Homoscleromorpha, kundi dogo lililotenganishwa na Demospongiae miaka ya karibuni. Spishi zilizokwisha kuelezwa kwa jumla ni zaidi ya 9,000.

SWALI: Kama hana tumbo, chakula anakisagia wapi? (Fundi bomba mstaafu)

JIBU: Wewe ndiye wa kuniandikia kuhusu mabomba, si mimi! Chakula kinasagwa ndani ya seli moja moja. Seli ya ukosi ikinasa bakteria humviringisha na kummeza, kisha humsaga yenyewe au humkabidhi kwa mojawapo ya zile seli zinazotembea kwenye ute. Taka na hewa chafu hurudi kwenye maji hayo hayo yanayopita, na oksijeni huchukuliwa humo humo. Mkondo mmoja umefanya kazi ya mdomo, mapafu na figo.

Chakula chenyewe ni bakteria na mimea midogo ya seli moja, lakini wengi pia hufyonza vitu vya kikaboni vilivyoyeyuka majini, ambavyo viumbe wengi hawawezi kuvitumia. Hili lina maana kubwa kwa miamba ya matumbawe. Mwaka 2013 Jasper de Goeij na wenzake walieleza kinachotokea: sifongo hufyonza mabaki hayo yaliyoyeyuka, kisha hutupa seli zake kuukuu kwa wingi, nazo huwa chakula cha kaa, minyoo na konokono. Katika sifongo mmoja waliyemchunguza, seli za ukosi hujigawa kila baada ya saa 5 au 6, kasi ambayo ni nadra mno kwa wanyama. Ndiyo maana maji ya matumbawe yanaweza kuwa maangavu, yanaonekana hayana kitu, na bado yakalisha umati.

Halafu wapo waasi. Mwaka 1995 Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walitangaza kuwa sifongo aliyeishi kwenye pango la bahari ya Mediterania hachuji maji hata kidogo. Ana nyuzi ndefu zilizojaa kulabu ndogo. Uduvi akipita ananaswa, kisha seli humtambalia taratibu, zinamfunika na kumsaga akiwa pale pale. Ameachana na mitambo yote niliyoisifu hapo juu. Jamaa zake wengi huishi vilindini, ambako maji ya kuchuja yana chakula kidogo mno hata kazi ya kuyasukuma isilipe. Mmoja wao, Chondrocladia lyra wa pwani ya California, ana umbo la kinubi, na aliwekwa kwenye orodha ya sayansi mwaka 2012 tu.

SWALI: Nilimshika sifongo mwekundu nikiwa nazamia, vidole vikawasha siku tatu. Ana sumu au ana miiba? (Mzamiaji)

JIBU: Huenda vyote viwili. Kiunzi cha sifongo wengi ni vijimiiba vidogo viitwavyo spikula, vya silika (kitu kile kile cha kioo) au vya kabonati ya kalsiamu. Kila spikula hutengenezwa na seli za kazi hiyo, nazo zina maumbo mengi: sindano, nyota, nanga, kulabu. Wataalamu hutambua spishi kwa kuziangalia spikula chini ya hadubini, maana rangi na umbo la nje humdanganya mtu. Spishi moja inaweza kuwa kama zulia penye mawimbi makali na kama chungu penye utulivu. Zikikuingia kwenye ngozi zinawasha kama manyoya ya upupu. Gandisha utepe wa kunata juu ya ngozi kisha uubandue, nyingi zitatoka nao. Lakini baadhi ya sifongo wana kemikali kali pia, na ukiona uvimbe unapanda au pumzi inabana, nenda kwa daktari mara moja. Safari nyingine tazama kwa macho.

Kwa kuwa umegusia miiba, niruhusu nikusogeze kilindini kidogo. Sifongo wa kioo wamefuma spikula zao zikawa majengo. Euplectella aspergillum ana mwili wa bomba lililosukwa kwa nyuzi za kioo, zuri kiasi kwamba mtu akilionyeshwa kwa mara ya kwanza huuliza nani amelisuka. Ndani yake mara nyingi huishi uduvi wawili, dume na jike, walioingia wakiwa wadogo wakanenepa wasiweze kutoka tena. Watoto wao hupenya kwenye matundu wakaondoka. Wazazi ndio basi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa nyuzi za kioo zilizo kwenye shina lake hupitisha mwanga kama nyuzi za mawasiliano tunazotumia sisi, tena hazivunjiki kirahisi. Na mwaka 1987, wachunguzi wa sakafu ya bahari kwenye pwani ya British Columbia, Kanada, walikuta miamba mizima iliyojengwa na sifongo wa kioo wakirundikana vizazi juu ya vizazi kwa takriban miaka 9,000. Hadi wakati huo miamba ya namna hiyo ilijulikana kama visukuku tu, vya enzi za dinosauri.

SWALI: Sifongo la kuogea ni maiti ya mnyama? Na dodoki je? (Aliyeacha kuoga vizuri tangu asome safu yako)

JIBU: Rudi ukaoge. Dodoki ni tunda lililokauka la mmea wa jamii ya maboga, halina uhusiano. Sifongo laini la asili ni kiunzi cha mnyama wa jenasi kama Spongia au Hippospongia, ambao hawana spikula. Wana nyuzi za protini laini iitwayo sponjini. Wakishavuliwa, nyama huachwa ioze, hufinywa na kuoshwa, na nyuzi ndizo zinazobaki. Likinyonya maji unatumia mifereji ile ile ambayo yeye alivutia maji akiwa hai. Godoro na sifongo la dukani la rangirangi, hayo ni plastiki.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kitabu chetu kinasema sifongo hana mfumo wa neva kwa hiyo hahisi chochote. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, nusu ya kwanza ya sentensi ni kweli na nusu ya pili ni makosa. Hana neva hata moja, hana misuli, na bado anajibu. Akichafuliwa na mchanga hupunguza kuvuta maji au hufunga vitundu. Sifongo wa maji baridi ajulikanaye kama Ephydatia muelleri hufanya kitu kinachofanana na kupiga chafya: huvimba mifereji yake, kisha hujibana mwili mzima na kutoa uchafu. Mwaka 2022 ilionyeshwa kuwa Aplysina archeri, sifongo wa Karibi mwenye umbo la bomba, hutoa makamasi yaliyobeba uchafu kupitia vitundu vya kuingizia maji, yaani kinyume na mkondo, kisha hujikunja kuyapangusa. Chafya moja huchukua dakika 20 hadi 50. Viumbe wadogo wa jirani huyala makamasi hayo kwa furaha. Kama tulivyoona kwa zile seli kuukuu, hamna kitu kinachopotea pale.

Sifongo wa kioo wana njia yao. Nyama yao si seli zilizotengana; sehemu kubwa ni utando mmoja ulioungana mwili mzima, na ishara ya umeme hupita juu ya utando huo na kusimamisha pampu zote karibu kwa wakati mmoja. Hili lilithibitishwa na Sally Leys na George Mackie mwaka 1997.

Kinachonivutia zaidi ni kilichokutwa kwenye jeni. Jenomu, yaani jumla ya jeni zote, ya Amphimedon queenslandica, sifongo wa Great Barrier Reef huko Australia, ilichapishwa mwaka 2010, na ndani yake zimo jeni nyingi za protini ambazo kwetu hufanya kazi kwenye maungano ya neva. Vifaa vipo, neva haipo. Hapa wanasayansi wamegawanyika. Je, sifongo ndio tawi la kwanza kabisa kuchipuka kwenye mti wa wanyama, kabla neva hazijatokea? Au tawi la kwanza ni lile la wanyama laini wafananao na yavuyavu, wanaoogelea kwa safu za vinyweleo mithili ya meno ya kitana? Utafiti wa mpangilio wa kromosomu uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa nguvu hao wa pili, na ubishi haujaisha. Ikiwa ndivyo, huenda mababu wa sifongo walikuwa na neva wakaziacha. Wafundishe wanafunzi ubishi huo, watakumbuka kuliko orodha ya sifa.

SWALI: Je, sifongo ni mnyama mmoja au ni kijiji cha seli?

JIBU: Swali fupi kuliko yote, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 1907 Henry Van Peters Wilson, wa North Carolina, alichukua sifongo hai akamkamua kupitia kitambaa chenye matundu madogo mno, mpaka akawa mawingu ya seli zilizotawanyika kwenye bakuli la maji ya bahari. Ungedhani ndiyo mwisho. Seli zikaanza kutambaa, zikagusana, zikashikana mafungu mafungu, na baada ya siku kadhaa palikuwa na sifongo wadogo wanaovuta maji. Fanya hivyo kwa panya uone!

Kwa hiyo ni kijiji? Subiri. Ukichanganya seli za spishi mbili, mara nyingi hutengana na kila moja hurudi kwa wenzake. Ukimpandikiza sifongo kipande cha mwili wake mwenyewe, anakipokea. Ukimpandikiza kipande cha sifongo mwingine wa spishi ile ile, kwa kawaida anakikataa. Kitu kinachojua "mimi" na "si mimi" ni vigumu kukiita kijiji. Kuna jambo jingine: seli za ukosi zinafanana mno na viumbe vya seli moja viitwavyo koanoflajelata, ambavyo pia vina mjeledi na ukosi. Henry James-Clark aliligundua hilo katika miaka ya 1860, na uchunguzi wa jeni umethibitisha kuwa viumbe hivyo ndivyo ndugu wa karibu kuliko wote wa wanyama. Mimi namhesabu kuwa mnyama mmoja, ila umoja wake hauna mkuu: hakuna seli inayotoa amri, na hakuna isiyoweza kuzikwa bila nyumba kutikisika. Ukiona nimekosea, niandikie.

SWALI: Wanazaanaje hawa, na wana jinsia? (Mstahifu)

JIBU: Uliza tu, hamna aibu. Wengi ni huntha, hutoa mayai na mbegu za kiume, mara nyingi kwa nyakati tofauti. Mbegu hutokana na seli za ukosi zilizobadilika, hurushwa nje kupitia tundu la juu kama moshi wa bomba la kiwanda, na jirani huzivuta pamoja na maji. Seli zake za ukosi, badala ya kuzila, huzibeba hadi kwenye yai. Kiluwiluwi huogelea kwa saa chache au siku chache, kisha hujibandika mahali. Pia kipande kikivunjika kinaweza kuota. Na sifongo wa maji baridi, mto ukikauka au kuganda, huacha vidonge vigumu viitwavyo gemuli, vilivyojaa seli zilizolala. Hali ikitengemaa zinaamka.

SWALI: Wanaishi miaka mingapi?

JIBU: Baadhi mwaka mmoja hivi. Lakini Xestospongia muta, yule wa Karibi mwenye umbo la pipa, wakubwa wake wanakadiriwa kupita miaka 2,000. Na spikula moja ya Monorhaphis chuni, sifongo wa kilindini anayejishikiza kwa mwiba mmoja wa kioo uwezao kufika mita 3, ilikadiriwa mwaka 2012 kuwa na umri wa takriban miaka 11,000, kwa kupima kemia ya tabaka zake.

SWALI: Nimesikia sifongo wanatibu saratani. Niwachemshe? (Mgonjwa wa jirani)

JIBU: Usichemshe chochote, tafadhali. Habari yenyewe ni ya kweli, lakini njia ni ndefu. Mwaka 1945 Werner Bergmann alikusanya sifongo kwenye bahari ya Florida, na miaka michache baadaye yeye na wenzake wakaeleza kuwa ndani yake mna viungo vya DNA vyenye sukari isiyo ya kawaida. Wanakemia wakatengeneza vinavyofanana navyo. Seli ya saratani inapojaribu kujenga DNA yake hudanganyika ikatumia kiungo hicho, na ujenzi hukwama. Dawa iliyotokana na wazo hilo, sitarabini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1969 na bado hutumika kutibu saratani ya damu. Nyingine, eribulini, ya saratani ya matiti iliyosambaa, iliidhinishwa mwaka 2010. Chimbuko lake ni sifongo wa Japani, Halichondria okadai. Ili kupata miligramu 12.5 za kemikali ya asili ilibidi watumie kilo 600 za sifongo, kwa hiyo dawa hutengenezwa maabara. Zote hupimwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ni sumu.

Sababu ya sifongo kujaa kemikali inaeleweka: hawezi kukimbia. Mara nyingi waundaji hasa ni bakteria wanaoishi mwilini mwake, ambao kwa baadhi ya spishi hufikia zaidi ya theluthi ya uzito wake.

SWALI: Na kemikali zote hizo, yupo anayemla?

JIBU: Ng'amba. Anne Meylan alionyesha mwaka 1988 kwamba kasa hao katika Karibi hula sifongo karibu pekee, na matumbo yao yamejaa vioo. Wapo pia konokono wa baharini wasio na kombe ambao humla na kuichukua sumu yake wakajilinda nayo, na samaki kadhaa wa matumbawe. Kaa wengine hawamli; hukata kipande chake wakakivaa mgongoni kama kofia ili adui asiwatambue. Na huko Shark Bay, Australia, baadhi ya pomboo huchomoa sifongo na kuvaa puani wanapochokora sakafu ya bahari, wasichubuke. Mama humfunza mtoto, hasa wa kike.

SWALI: Rafiki yangu humtoa sifongo majini kwa dakika moja tu apige picha, kisha humrudisha. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Fikiria mifereji ile 80,000. Akitoka majini, maji yanashuka na hewa inaingia mahali pake. Akirudishwa, viputo hukwama ndani ya njia nyembamba kuliko unywele, na mijeledi haina nguvu ya kuvisukuma nje. Sehemu isiyopitiwa na maji hukosa oksijeni na kuanza kuoza, na uozo husambaa kwa jirani zake. Wale wanaoishi ufukweni maji yanapokupwa wamezoea kuvumilia kwa muda, lakini wa chini zaidi hawakuumbiwa hali hiyo. Mwambie rafiki yako ashuke na kamera.